SOMO LA ROBO HII: NANI ANALIPIA ULINZI WETU?

Katika somo hili tunaangalia jambo linaloigusa kila kaya ya Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria, nalo ni fedha za usalama. Kwa mkazi wa mwaloni, usalama si polisi peke yake. Ni taa sokoni, doria ya usiku, mtumbwi wa uokoaji na jaketi la kujiokolea. Kila kimoja kina gharama. Je, nani analipa?

Mgawanyo wa majukumu

Ibara ya 146 ya Katiba yetu inazipa serikali za mitaa wajibu wa ulinzi wa wananchi. Hata hivyo, si kila huduma hulipwa na halmashauri. Polisi wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na mishahara yao hutoka Serikali Kuu. Zimamoto ilikuwa kazi ya halmashauri hadi sheria ya mwaka 2007 ilipounda jeshi moja la taifa chini ya wizara hiyo hiyo.

Yaliyobaki kwa halmashauri na kijiji si madogo: mgambo, taa za masoko, na mara nyingi ujenzi wa vituo vidogo vya polisi kwa nguvu za wananchi. Usukumani tunao pia sungusungu, walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa mifugo, wakatambuliwa kisheria mwaka 1989. Hawa hawana mshahara.

Fedha hutoka wapi?

Halmashauri hupata ruzuku ya Serikali Kuu, ambayo sehemu kubwa huishia kwenye mishahara, na mapato ya ndani kama vile ushuru wa masoko, samaki na mazao, na leseni za biashara. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Kijiji kisichorudishiwa sehemu ya mapato hubaki na njia moja tu, yaani michango.

Hapa ndipo penye uzito. Usalama usipotengewa kifungu katika bajeti, gharama yake haipotei. Hulipwa na mwananchi mnyonge: kijana anayekesha doria bila tochi, na mjane anayedaiwa mchango usio na stakabadhi kwa kuwa hana mtu wa kumtuma lindoni.

Funzo kutoka ziwani

Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na zaidi ya watu 800 walipoteza maisha. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati ya Bwisya, Ukara, na watu 228 walifariki. Vivuko na ukaguzi wake ni kazi ya taasisi za Serikali Kuu. Lakini siku ile ya Ukara, wavuvi na wananchi wa jirani ndio waliowahi kwa mitumbwi yao. Giza lilipoingia, uokoaji ulisitishwa hadi asubuhi.

Mkono wa kwanza kumfikia anayezama ni wa jirani. Kwa hiyo jirani huyo awezeshwe mapema. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi (BMU), vinavyotambuliwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, viko mialoni tayari. Ni haki sehemu ya ushuru wa samaki irudi mwaloni kama mafuta ya boti, majaketi na taa.

Neno la Mungu

Tusome Nehemia sura ya 4 na ya 5. Nehemia aliweka walinzi ukutani, lakini alikataa posho ya liwali kwa sababu watu walikuwa wamelemewa. Ulinzi na haki katika michango vilikwenda pamoja.

Tufanye nini?

1. Kamati ya Ulinzi na Usalama ya kijiji iorodheshe mahitaji pamoja na bei zake.
2. Orodha iingizwe katika mpango wa kijiji na ifike halmashauri miezi mingi kabla ya Julai 1, mwaka wa fedha unapoanza. Diwani aulizwe imefikia wapi.
3. Mchango uamuliwe na mkutano mkuu wa kijiji, uwe na stakabadhi, na wasiojiweza wasamehewe.
4. Mapato na matumizi yasomwe mkutanoni kila miezi mitatu na kubandikwa kwenye mbao za matangazo.

Maswali ya kujadili katika vikundi

- Katika kijiji au mtaa wetu, ni huduma gani ya usalama isiyo na mlipaji?
- Mara ya mwisho tulisomewa lini matumizi ya fedha za ulinzi?
- Mtumbwi ukizama usiku wa leo, nani atatoka, na kwa mafuta ya nani?