SOMO LA MAJI: FLORAIDI HAIONDOKI KWA KUCHEMSHA

Chama cha msingi kinapokusudia kutumia fedha za wanachama kuchimba kisima, swali la kwanza mkutanoni huwa ni wingi wa maji. La pili, iwapo laulizwa, huwa ni weupe wake. Katika miteremko ya Mlima Meru na sehemu nyingi za Bonde la Ufa maswali hayo hayatoshi. Maji yaweza kuwa mengi, maangavu na baridi, na bado yakamdhuru mtoto.

Kinachodhuru ni floraidi, madini yayeyukayo kutoka katika miamba ya volkano. Haina rangi wala harufu. Eneo la Maji ya Chai, mashariki ya Arusha, lilipewa jina kwa rangi ya mto wake. Lakini kilichoharibu meno ya wakazi wengi wa huko si rangi hiyo, bali ni floraidi isiyoonekana.

Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi, mtoto anywaye maji hayo katika miaka 8 ya kwanza, wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya fizi, huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huharibika: miguu ya watoto hupinda, na mtu mzima hushindwa kuinama shambani. Magadi ya kuivishia maharage nayo huongeza floraidi katika chakula.

Shirika la Afya Duniani lapendekeza isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 mwaka 1974, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na maji mengine. Baadaye kikashushwa hadi 4, na mwaka 2018 kikafikia 1.5. Kwa hiyo cheti cha zamani kilichomo katika jalada la chama, kisemacho kwamba maji “yanafaa”, kisomwe upya kwa tarakimu zake.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na klorini vilevile. Floraidi si kijidudu. Maji yakichemka sehemu hugeuka mvuke, floraidi hubaki sufuriani, na kila lita iliyosalia huwa nayo zaidi kuliko awali. Kuchemsha kusiachwe, ila kusihesabiwe kuwa ni dawa ya jambo hili.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulikia njia ya mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, husagwa, na maji hupitishwa ndani yake. Ikichomwa vibaya, maji hunuka na watu huyakataa, na hawana makosa. Mkaa huo nao huchoka pasipo kuonyesha dalili yoyote, hivyo bajeti ya chama iwe na fungu la kupima maji na kununua mkaa mpya, si la ndoo peke yake.

Chemchemi mbili za kijiji kimoja zaweza kutofautiana sana. Kila moja ipimwe kabla ya mkataba wowote kutiwa sahihi. Katibu atumie chupa ya plastiki, si ya kioo, aisuuze mara tatu kwa maji yaleyale, aandike mahali na tarehe, kisha aipeleke katika maabara ya maji ya Serikali.

Wakati majibu yakingojewa, paa la ghala la kahawa litazamwe. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Ghala la mita 10 kwa 20, kwa mvua ya milimita 50, hupokea lita 10,000, zikipungua kidogo kwa kumwagika. Maji ya mvua ya kwanza yamwagwe, kwa kuwa huosha vumbi la paa. Yafuatayo yana floraidi kidogo mno. Yachemshwe, na watoto wadogo wapewe kwanza.