Bwawa la Kuogelea Wakati wa Mgawo wa Maji: Hesabu ya Jua na Upepo

Katika Kiswahili neno bwawa lina maana zaidi ya moja. Kuna Bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978 katika mto Zigi, ambalo ndilo tegemeo la maji ya bomba ya mji wa Tanga. Kuna pia bwawa la kuogelea, yaani shimo lililosakafiwa kwa saruji nyuma ya hoteli au shule. Mabwawa hayo mawili yameunganishwa kwa bomba. Kiangazi kinapozidi na mgawo wa maji ukatangazwa, maji yanayoongezwa katika bwawa dogo yametolewa katika bwawa kubwa.

Hapo huzuka swali. Je, ni haki bwawa la kuogelea liongezwe maji ilhali wakazi wa mtaa wa pili wamepanga ndoo bombani? Swali hili haliwezi kujibiwa kwa hasira peke yake. Katika somo hili tutalijibu kwa kipimo na hesabu.

Kujaza na kuongezea

Tuchukue bwawa lenye urefu wa mita 12, upana wa mita 6 na kina cha wastani cha mita 1.5. Ujazo wake ni 12 × 6 × 1.5, yaani mita za ujazo 108, au lita 108,000. Kujaza ni kulitia bwawa tupu maji hayo yote. Kuongezea ni kurudisha kiasi kilichopotea ili maji yafike tena kwenye alama yake.

Wengine hudhani kwamba wakati wa shida inafaa kulimwaga bwawa lote. Rai hii ina kasoro mbili. Kwanza, lita 108,000 hupotea kwa siku moja, na zitatakiwa tena baadaye. Pili, karibu na bahari maji ya ardhini huwa hayako mbali na uso wa nchi. Maji hayo hulisukuma bwawa kwenda juu, kwa kanuni ile ile ya Archimedes inayoeleza kuelea kwa jahazi. Uzito wa maji yaliyomo ndani husaidia kulishikilia chini. Yakiondolewa, sakafu yaweza kupasuka, au bwawa zima likainuka.

Jua na upepo huchukua kiasi gani?

Wenye mashamba ya chumvi katika pwani ya Tanga wanaijua vyema nguvu ya jua na upepo. Huingiza maji ya bahari katika majaruba mapana yenye kina kifupi, kisha huyaacha yageuke mvuke hadi chumvi ibaki. Mvukizo hutokea usoni mwa maji, na kwa hiyo huongezeka kadiri uso unavyokuwa mpana, hewa inavyokuwa kavu na upepo unavyovuma kwa nguvu. Analolitafuta mvuna chumvi ndilo analoliogopa mwenye bwawa la kuogelea.

Hapa kuna kanuni nyepesi ambayo mwanafunzi aikariri: maji yakishuka milimita 1 katika eneo la mita 1 ya mraba, yamepungua lita 1. Uso wa bwawa letu ni 12 × 6, yaani mita za mraba 72. Tukikadiria kwamba siku ya jua na upepo mvukizo hushusha maji milimita 5, hasara ni lita 360 kwa siku. Hizo ni ndoo 18 za lita 20. Kwa siku 30 ni ndoo 540.

Ili kilo moja ya maji yenye joto la pwani igeuke mvuke, huhitaji nishati ya megajuli 2.4 hivi, iitwayo joto fichu. Kwa lita 360 ni megajuli 864, sawa na yuniti 240 za umeme. Jua hutoa nishati hiyo bila malipo, na ndiyo sababu hasara hii haionekani. Hakuna bomba lililopasuka wala sauti ya maji yanayomwagika, lakini ndoo 18 zimekwenda.

Jaribio la ndoo

Kabla ya kulilaumu jua, ni lazima tujue kama bwawa halivuji. Jaribio lifuatalo halihitaji kifaa cha gharama.

1. Zima pampu, na usiruhusu mtu kuogelea.
2. Chota maji ya bwawa katika ndoo, uiweke juu ya ngazi ya ndani ya bwawa. Itie mawe ili isielee.
3. Hakikisha maji ya ndani na ya nje ya ndoo yako kimo kimoja. Tia alama pande zote mbili.
4. Baada ya saa 24 pima maji yameshuka kiasi gani kila upande. Mvua ikinyesha, rudia jaribio.

Ndoo haivuji, nayo imekaa katika jua na upepo ule ule. Kwa hiyo kushuka kwa maji ya ndoo kwaonyesha mvukizo, na tofauti kati yake na bwawa yaonyesha uvujaji. Tuseme ndoo imeshuka milimita 5 na bwawa milimita 12. Milimita 7 zimevuja, yaani 7 × 72, lita 504 kwa siku. Bwawa la namna hiyo hupoteza maji mengi zaidi kwa ufa kuliko kwa jua, na kuliongezea maji bila kuziba ufa ni kumwagilia ardhi.

Njia za kupunguza hasara

Iliyo bora ni kulifunika bwawa kwa turubai au nailoni nzito inayogusa maji, kila lisipotumika. Usiku nao usisahauliwe, kwani maji yaliyopata joto mchana huendelea kutoa mvuke upepo unapovuma. Ua wa miti au ukuta upande wa upepo husaidia pia. Wakati wa kaskazi upepo hutoka kaskazini-mashariki. Wakati wa kusi hutoka kusini-mashariki.

Njia nyingine ni kuvuna mvua. Milimita 20 za mvua zikianguka juu ya bwawa letu huleta lita 1,440. Lakini bwawa likiwa limejaa hadi ukingoni, maji hayo yatafurika na kupotea. Basi wakati wa masika na vuli inafaa kuacha nafasi juu, mradi maji yasishuke chini ya mdomo wa pampu.

Kutelekeza bwawa si kubana matumizi. Maji yasiyochujwa wala kutiwa klorini hugeuka kijani, na mbu huzaliana humo.

Je, kisima ni jibu?

Mwenye bwawa aweza kusema, “Nitachimba kisima, nisiguse maji ya bomba.” Pwani jibu hilo lahitaji tahadhari. Chini ya ardhi maji baridi huelea juu ya maji ya bahari, ambayo ni mazito zaidi. Kanuni ya Ghyben na Herzberg yaeleza kwamba, kwa makadirio, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba mita 40 za maji baridi chini yake. Kwa hiyo tukishusha maji ya ardhini kidogo tu, maji ya chumvi hupanda sana, na jirani mwenye kisima cha kunywa ndiye atakayeonja matokeo.

Nani atangulie?

Mwaka 2018, Cape Town nchini Afrika Kusini ilipokabiliwa na ukame mkali, kila mtu alitakiwa asizidishe lita 50 kwa siku, na ilikatazwa kujaza au kuongezea mabwawa ya kuogelea kwa maji ya bomba. Kwa kipimo hicho, lita 360 za bwawa letu ni mgawo wa watu saba kwa siku. Kulijaza upya ni mgawo wa siku moja wa watu 2,160.

Hesabu hii yatupa utaratibu wa haki. Wakati wa mgawo, kujaza upya kusubiri mvua. Kabla ya kuomba hata ndoo moja ya kuongezea, mwenye bwawa aonyeshe matokeo ya jaribio la ndoo, na aonyeshe kifuniko chake. Akiwa hana hivyo viwili, aliyepanga ndoo bombani atangulie.

Maswali

1. Bwawa la shule lina urefu wa mita 25 na upana wa mita 10. Maji yakishuka milimita 6 kwa siku kwa mvukizo, ni ndoo ngapi za lita 20 hupotea kwa siku?
2. Weka mabeseni matatu yaliyo sawa: moja juani, moja chini ya kivuli cha makuti, moja limefunikwa kwa nailoni. Pima kimo cha maji kila asubuhi kwa siku saba, kisha chora grafu. Eleza tofauti utakazoziona.
3. Kwa nini mvuna chumvi hutengeneza jaruba pana lenye kina kifupi badala ya kuchimba shimo refu?