Bei ya Dhahabu, Kodi na Ajira za Migodini: Somo kwa Wakazi wa Kata

Ajira ya mgodini haitegemei tu juhudi za mchimbaji na wingi wa mbale. Hutegemea pia mambo mawili yasiyoonekana shimoni: bei inayopangwa katika masoko ya dunia na tozo zinazowekwa na sheria za nchi. Mkazi anayeyaelewa hujiandaa kabla kazi haijapungua.

Bei hushuka, gharama hubaki

Septemba 2011 wakia moja ya dhahabu iliuzwa kwa takriban dola 1,900 za Marekani. Kufikia Desemba 2015 bei ilikuwa chini ya dola 1,100. Bei inaposhuka namna hiyo, gharama za umeme, baruti, vipuri na mishahara hazishuki kwa kasi ileile.

Mabadiliko ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yalipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, na ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Tozo hizo hukatwa kwenye thamani ya madini, si kwenye faida. Chukulia mfano wa mgodi unaotumia dola 1,000 kutoa wakia moja. Wakia ikiuzwa dola 1,900, kwa tozo ya asilimia 4 mgodi hubakiwa na dola 824; kwa asilimia 7 hubakiwa na dola 767. Bei ikiwa dola 1,100, salio la kwanza ni dola 56 na la pili ni dola 23 tu.

Kwa hiyo kiwango kilekile cha tozo ambacho hubebeka bei ikiwa juu huwa mzigo mzito bei ikianguka. Hapo mgodi huacha mbale hafifu, husitisha utafiti na hupunguza watu. Wanaotangulia kuguswa ni vibarua wa makandarasi. Wanafuata mama lishe, wenye nyumba za kupangisha na waendesha bodaboda.

Si bei peke yake

Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi. Bei ya dunia haikuwa imeporomoka, lakini mgodi wa Bulyanhulu, uliotegemea kuuza makinikia, ulipunguza shughuli mwaka huohuo na wafanyakazi wengi wakapoteza kazi. Kazi za chini ya ardhi zilirejea baada ya makubaliano ya Januari 2020, yaliyoipa Serikali hisa za asilimia 16. Taifa lilipata sehemu kubwa zaidi ya mali yake. Familia zilizopoteza mishahara nazo zilibeba gharama ya miaka ya kusubiri.

Kwa wachimbaji wadogo, mwaka 2019 Serikali iliwaondolea Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na masoko ya madini yakaanza kufunguliwa, likiwamo la Geita. Mzigo ulipopungua, kuuza kwa njia halali kulianza kulipa kuliko kuuza kwa magendo.

Huduma za kata nazo huguswa

Ushuru wa huduma unaolipwa kwa halmashauri hukokotolewa kwenye mauzo. Dhahabu ikishuka bei, ushuru hupungua. Na asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hupungua pia. Ndiyo maana fedha za miaka ya neema hufaa zaidi kumalizia zahanati na madarasa kuliko kuanzisha matumizi ya kila mwezi yatakayokosa fedha baadaye.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, mwenye mshahara wa mgodini aweke akiba na kujifunza ufundi unaotumika nje ya mgodi, kama uchomeleaji au umeme. Pili, mchimbaji mdogo auze katika soko la madini na kutunza stakabadhi zake. Tatu, kila mkazi ahudhurie mkutano mkuu wa kijiji unaofanyika kila baada ya miezi mitatu, asikilize taarifa ya mapato na matumizi, na aulize maswali. Bei ya dhahabu haipangwi kijijini, lakini matumizi ya fedha zake hujadiliwa hapo.