Jua Haki Zako: Barabara ya Kikoneni Hupiganiwa Kiangazi

Masika yakishika Kwale, Aprili kuingia Mei, habari za barabara hazikatiki: barazani kwa chifu, redioni, kwenye makundi ya WhatsApp. Machungwa yanaozea shambani kwa sababu lori haliwezi kuvuka kijito, na mja mzito anabebwa kwa boda boda inayoteleza kuelekea kituo cha afya. Hasira hiyo ni ya haki. Lakini kisheria huo ndio wakati ambao mwananchi wa Kikoneni ana nguvu kidogo kuliko wakati mwingine wote, kwa kuwa pesa za mwaka zimeshagawanywa na kilichobaki ni kubembeleza. Ninachotaka kumshawishi msomaji ni kwamba haki kubwa aliyonayo kuhusu barabara na mafuriko ni ile ya kuuliza kwa maandishi wakati wa kiangazi, mtaro ukiwa mkavu, na kwamba haki hiyo haihitaji wakili, wala ada, wala Kiingereza.

Tuanze na kalenda, maana ndiyo inayowaponza wengi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka serikali ya kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, waraka wa mikakati ya fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, ili mwaka mpya wa fedha uanze 1 Julai. Zilinganishe tarehe hizo na mvua. Mpango wa Septemba 2024 ulihusu mwaka wa fedha wa 2025/26, na masika yanayoangukia ndani ya mwaka huo ni ya 2026. Kalvati itakayohitajika Mei inaamuliwa miezi 20 kabla. Anayengoja maji yapasue barabara ndipo ampigie simu mwakilishi wadi wa Pongwe/Kikoneni, anaomba kitu ambacho wakati huo hakina pa kutoka isipokuwa bajeti ya nyongeza au hazina ya dharura, nayo hazina hiyo sheria imeiwekea kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya kaunti.

Halafu kuna swali la barabara ni ya nani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kitaifa barabara kuu, na kaunti barabara za kaunti. Uainishaji uliochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali Januari 2016 uliweka madaraja A, B na C upande wa taifa, D kushuka chini upande wa kaunti. Barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga iko chini ya KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu; njia za udongo zinazopenya bara kutoka hapo zaweza kuwa za KeRRA, mamlaka ya kitaifa ya barabara za vijijini, au za kaunti, na mpaka kati ya hao wawili umezozaniwa kwa miaka. Magavana na wabunge wamefikishana mahakamani juu ya takriban Sh10.5 bilioni za ushuru wa mafuta wa kukarabati barabara, ushuru uliopandishwa Julai 2024 kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Mwendesha boda boda wa Kikoneni anaulipa kila anapotia petroli. Si kazi yake kuamua mzozo huo, na sheria haimtaki aamue. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ofisi ikipokea ombi la habari zilizo kwa ofisi nyingine ina siku 5 za kulihamishia huko. Jibu la “hiyo si yetu” si mwisho wa safari.

Sheria hiyo inatekeleza Kifungu cha 35 cha Katiba, na ni nyepesi kuitumia kuliko watu wanavyodhani. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, anasema kwa mdomo na ofisa ana wajibu wa kuyaandika maneno yake. Kuwasilisha ombi hakutozwi chochote. Kinachoweza kutozwa ni gharama ya nakala. Sababu ya kuuliza si sharti uitoe. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na habari zikihusu uhai wa mtu ni saa 48. Ikinyamaza au ikikataa, unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman, ndani ya siku 30. Barua kwa kaunti mwandikie katibu wa kaunti. Kwa KeRRA, mkurugenzi mkuu kupitia ofisi yao ya Kwale.

Uulize nini? Hapa ndipo barua nyingi hudhoofika, kwa kuomba “mtutengenezee barabara” badala ya kuomba karatasi. Taja kipande cha barabara, kutoka wapi hadi wapi. Uliza kiko daraja gani, nani anakitunza, kimetengewa kiasi gani mwaka huu, mkandarasi ni nani, na uombe BQ, yaani hati inayotaja kila kazi na bei yake. BQ ina thamani kuliko ahadi kumi. Tazama greda inavyofanya kazi isiposimamiwa: inapita katikati, inalainisha uso, na kuacha tuta la udongo pande zote mbili. Siku chache barabara inapendeza. Mvua ya kwanza ikinyesha, maji hayana pa kutokea kwa sababu tuta limeyafungia njiani, hivyo barabara yenyewe inakuwa mto. Ikiwa BQ inataja kuinua mgongo wa barabara, kuchimba mitaro ya kutolea maji na kuzibua kalvati, na macho yako yanaona kulainishwa tu, sasa una malalamiko yenye ushahidi. Mikataba mingi ya barabara pia humwekea mkandarasi kipindi cha kurekebisha kasoro kwa gharama yake. Uliza kinaisha lini.

Wako wanaosema mafuriko ni kudra ya Mungu, hayana kesi. Mvua ni kudra, kweli, na mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zingeleta taabu hata kwenye barabara nzuri. Lakini kalvati iliyozibwa na mchanga na makuti kwa miaka haikuzibwa na mvua ya usiku mmoja. Wengine hushika maneno ya Jedwali la Nne, kwamba jukumu la kaunti juu ya maji ya mvua ni la sehemu “zenye majengo”, wakauliza Kikoneni ni mji? Hoja hiyo ina uzito, lakini haifiki mbali. Mtaro wa kando ya barabara ni sehemu ya barabara, na kukabiliana na majanga kumetajwa kando kama kazi ya kaunti bila kubagua mji na kijiji. Na wakisema pesa hazipo? Katiba haikuitaja barabara kati ya haki za Kifungu cha 43, ila imeitaja afya. Njia ya kituo cha afya ikikatika, Kifungu cha 20(5) kinasema ni serikali inayopaswa kuthibitisha kwamba haina uwezo. Tena kuzibua mtaro ni kazi ya majembe.

Pingamizi linalouma zaidi ni kwamba wenyeji nao wanachangia, na ni kweli. Kanuni za mazingira zinakataza kulima na kujenga kwenye ukingo wa mto, kati ya mita 6 na 30 kutoka alama ya juu ya mafuriko, na mwongozo wa kitaifa wa uchimbaji mchanga wa 2007 unakataza kuchota mchanga ndani ya mita 100 za daraja. Kijiji kinachofumbia macho malori ya mchanga darajani kinaidhoofisha barua yake chenyewe.

Ombi la habari likishajibiwa, au likishapuuzwa, peleka lalamiko rasmi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi haki hiyo na inaitaka kaunti ijibu kwa haraka. Mahakama ni hatua ya baadaye. Kwa haki ya mazingira safi, Kifungu cha 70 hakikutaki uthibitishe kwamba umepata hasara, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ina kituo Kwale. Anayedai fidia ya nyumba au mazao dhidi ya KeNHA au KeRRA ajue kwamba Sheria ya Barabara ya 2007 inataka notisi ya maandishi mwezi mmoja kabla, na kesi ifunguliwe ndani ya miezi 12. Hapo ndipo nakala ya barua ya kiangazi, yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe, inapomjibu ofisa atakayedai kwamba hakuwahi kuambiwa. Usiitoe ofisini bila muhuri huo.