Kwibuka na Kuibuka

Tangu mwaka 2014, timu za taifa za wanawake kutoka nchi ambazo kriketi ingali changa hukutana Kigali katika mashindano ya Kwibuka, yanayowakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Mwanafunzi wa Bujumbura hulielewa jina hilo mara moja: katika Kirundi pia, *kwibuka* ni kukumbuka.

Katika Kiswahili, *kuibuka* ni kujitokeza: *Tanzania iliibuka mshindi mwaka 2022.* Aidha, *ku-* kwa kawaida haigeuki *kw-* mbele ya *i*: *kuimba, kuita*, lakini *kwisha*. Mwalimu asipotenganisha maneno haya, maombolezo yatasomwa kama ushindi.

Zoezi: Tunga sentensi mbili kuhusu mashindano hayo, ukitumia *kukumbuka* na *kuibuka*.