Hadhira Ndani ya Santuri: Mapenzi ya Mashabiki kwa Rekodi za Jukwaani za Bob Marley

1.0 Utangulizi

Robert Nesta Marley, mtunzi na mwimbaji wa Jamaika, alifariki mjini Miami tarehe 11 Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36. Tangu hapo rekodi za maonyesho yake ya jukwaani zimeendelea kutolewa, baadhi kwa mara ya kwanza na baadhi kwa mara ya pili au zaidi. Onyesho la Roxy, Los Angeles, la Mei 1976, ambalo kwa miaka mingi lilizunguka kwa nakala zisizo rasmi, lilitolewa rasmi mwaka 2003. Onyesho la Pittsburgh la tarehe 23 Septemba 1980, lililokuwa la mwisho maishani mwake, lilitolewa mwaka 2011. La Boston la mwaka 1978 lilifuata mwaka 2015. Nayo santuri ya Live!, iliyotokana na maonyesho ya Lyceum, London, ya tarehe 17 na 18 Julai 1975, ilitolewa tena mwaka 2016 katika toleo lililopanuliwa.

Nyimbo zilizomo katika rekodi hizo kwa sehemu kubwa ni zile zile. Shabiki anayezinunua huwa tayari anazo nyimbo hizo, tena zikiwa zimerekodiwa studioni kwa usafi zaidi. Kwa hiyo linazuka swali: anachokipenda ni kitu gani hasa? Jibu jepesi ni kwamba anamlilia marehemu, na kwamba kampuni za muziki zinajua kuyageuza machozi kuwa fedha. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Makala haya yanajaribu kuonyesha kwamba mapenzi hayo yana msingi wa kisanaa, na kwamba msingi huo unaeleweka vizuri zaidi kwa kutumia nadharia ya fasihi simulizi.

2.0 Wimbo kama Tukio

Katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyotolewa katika Mulika mwaka 1989, M. M. Mulokozi anaichukulia fasihi simulizi kuwa ni tukio linalofungamana na muktadha wa kijamii, na linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Umuhimu wa mtazamo huu ni kwamba unauondoa uzito kwenye maneno peke yake na kuuweka kwenye utendaji.

Tukiipima rekodi ya studio kwa kipimo hicho, tunaona kwamba inahifadhi mawili tu kati ya hayo sita, yaani fanani na fani. Hadhira haimo. Mahali pamefichwa, kwa kuwa chumba cha kurekodia hujengwa kwa makusudi ili kisisikike. Wakati nao umevunjwavunjwa: ngoma inaweza kurekodiwa leo, gita kesho na sauti wiki ijayo, kisha vyote vikaunganishwa kana kwamba vilitokea pamoja. Rekodi ya jukwaani inayarudisha yale yaliyoondolewa. Ukumbi unasikika kwa mwangwi wake, hadhira kwa vifijo na maitikio yake, na wakati kwa mfululizo wake usiokatika. Shabiki anayeipenda rekodi ya aina hii anapenda, hata kama hana istilahi za kueleza, yale mambo manne ambayo studio iliyaacha nje ya mlango.

3.0 Wimbo Mmoja, Matini Mbili

Mfano bora ni wimbo wa “No Woman, No Cry”. Jina lake huwapotosha wengi. Kwa Krioli ya Jamaika maana yake ni kumbembeleza mwanamke asilie. Si dai kwamba pasipo mwanamke hapana kilio. Matini ya kwanza ilitoka katika santuri ya Natty Dread mwaka 1974. Ni wimbo mfupi, usiofikia dakika nne, wenye mwendo mwepesi kiasi. Matini ya pili ni ile ya Lyceum. Hii ina urefu wa dakika saba hivi. Mwendo wake ni wa taratibu, kinanda kinatangulia, na kabla mwimbaji hajaanza ubeti wa kwanza hadhira inasikika ikiimba kiitikio.

Tofauti hiyo inagusa maudhui. Katika rekodi ya studio mtu mmoja anamfariji mtu mmoja, na msikilizaji ni mpita njia aliyesikia mazungumzo ya watu wawili. Katika rekodi ya Lyceum faraja inatolewa na umma, na mfarijiwa hatambulikani tena kuwa ni mmoja: huenda ni kila aliyemo ukumbini. Kumbukumbu za umaskini wa Trenchtown, ambazo ni za mtu binafsi katika matini ya kwanza, zinakuwa za jumuiya katika ya pili. Maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni nani anayeyasema na nani anayeambiwa.

Historia ya wimbo inathibitisha hukumu ya wasikilizaji. Ni matini ya Lyceum iliyotolewa kama santuri ndogo mwaka 1975 na kuingia katika orodha ya mauzo ya Uingereza. Ni hiyo iliyopanda hadi nafasi ya 8 ilipotolewa tena mwaka 1981 baada ya kifo cha Marley. Na ni hiyo iliyochaguliwa kuingia katika mkusanyo wa Legend wa mwaka 1984. Kwa watu wengi duniani, matini ya studio ndiyo imekuwa ngeni.

4.0 Mashabiki kama Wakusanyaji

Wapenzi wa rekodi hizi huzitaja kwa mahali na mwaka. Kwao “Lyceum”, “Roxy” na “Pittsburgh” ni majina ya matukio, nao husikiliza namna wimbo mmoja ulivyorefushwa hapa na kufupishwa pale, mahali ambapo mwimbaji aliacha hadhira imalizie, na mahali ambapo besi ya Aston Barrett na ngoma za Carlton Barrett zilishikilia mdundo hadi mwimbaji aliporejea. Hiki ndicho akifanyacho mtafiti wa ngano anapokusanya masimulizi ya kisa kimoja kutoka vijiji kadhaa. Hatafuti toleo moja lililo sahihi. Anatafuta upana wa uwezekano wa kisa hicho.

Rekodi ya Pittsburgh inaongeza jambo jingine. Siku mbili kabla ya onyesho hilo Marley alianguka alipokuwa akikimbia katika bustani ya Central Park, New York, na saratani iliyomuua ilikuwa imekwisha kuenea mwilini. Waliokuwa ukumbini walishangilia onyesho. Msikilizaji wa leo anasikia kwaheri. Hapa wakati wa tukio na wakati wa kusikiliza vinagongana, na kinaya hicho hakikutungwa na yeyote. Makelele ya furaha ya hadhira ile ndiyo yanayomliza msikilizaji wa sasa.

5.0 Mipaka ya Hoja

Haifai hata hivyo kuichukulia rekodi kuwa ni tukio lenyewe. Santuri ya Live! ya mwaka 1975 ilikuwa na nyimbo saba tu, zilizochaguliwa kutoka katika maonyesho marefu zaidi. Ukubwa wa sauti ya hadhira huamuliwa na fundi mitambo. Isitoshe, jambo lililotokea mara moja, kwa kurudiwa bila kubadilika, hugeuka kuwa kanuni: kiitikio cha hadhira ya Lyceum kilichoibuka papo kwa papo sasa kinaigwa na waimbaji wengine kana kwamba ni sehemu ya utunzi.

Jambo hili linaibua suala la umiliki. Wimbo huu umeandikishwa kwa jina la Vincent Ford, rafiki wa Marley aliyekuwa akiendesha jiko la kulisha wenye njaa Trenchtown, na uandikishaji huo umezua mabishano hadi mahakamani. Lakini sheria inapouliza nani mtunzi, inauliza habari za maneno na lahani. Haina nafasi ya hadhira iliyoupa wimbo umbo lake linalopendwa.

6.0 Funzo kwa Fasihi ya Kiswahili

Siti binti Saad na wenzake waliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, waliiacha hadhira yao Unguja. Kinachosikika leo katika santuri hizo ni fanani na fani. Waliokuwa wakizijua habari za mji zilizoimbwa, na kuziitikia, hawasikiki. Vivyo hivyo, muziki wa dansi uliorekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam hauonyeshi chemko lilivyoweza kurefushwa kwa sababu wachezaji hawajachoka, wala rekodi ya studio ya taarabu haionyeshi jinsi anayekwenda kumtunza mwimbaji anavyougeuza ubeti kuwa kijembe chake mwenyewe.

Hatari ni ya kweli. Mwaka 2017 iliripotiwa kwamba kanda 13 za maonyesho ya Marley ya London na Paris zilikutwa katika chumba cha chini cha hoteli moja ya London, zikiwa zimeharibiwa na unyevu baada ya miaka ipatayo 40. Kumi ziliokolewa. Ikiwa kanda za mwanamuziki maarufu kiasi hicho ziliweza kusahauliwa, ni dhahiri kwamba kanda za bendi na vikundi vya Afrika Mashariki, ambavyo havina kampuni ya kuvitafuta, zimo hatarini zaidi.

7.0 Hitimisho

Mapenzi ya mashabiki kwa rekodi za jukwaani ni aina ya uhakiki. Yanatambua kwamba wimbo haukamiliki mpaka uitikiwe, na kwamba kila muitikio ni matini mpya. Mtafiti wa nyimbo za Kiswahili ana mambo matatu ya kujifunza kwao: kuandika mahali na tarehe ya kila rekodi anayoitumia, kutoufundisha wimbo kwa beti zilizochapwa peke yake pale rekodi ya utendaji inapopatikana, na, anapoingia ukumbini na kinasa sauti, kukumbuka kukielekeza pia kwa hadhira.