Kompyuta za kwanta: utafiti uko kwenye makosa

Mwaka 1925 Werner Heisenberg aliandika makala iliyofungua mlango wa mekanika ya kwanta. Miaka 100 baadaye Umoja wa Mataifa, kwa azimio lililowasilishwa na Ghana, ukaufanya 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta. Humu najibu maswali ambayo wanafunzi na watu wa kazi nyingine huuliza pale wanapotaka kuingia katika utafiti huu, au kujua unawahusu vipi.

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa tatu wa fizikia na msimamizi wangu anataka mada ya mradi kabla ya likizo. Nataka kompyuta za kwanta, ila uwanja ni mpana mno. Nishike wapi?

Marahaba. Shika usahihishaji wa makosa. Wapo wanaounda vifaa, wapo wanaotafuta algoriti mpya, wanaoiga molekuli, wanaotengeneza vihisi vya kupima sumaku dhaifu kabisa, na wanaotuma funguo za siri kwa chembe za mwanga. Kazi zote hizo zina heshima yake. Lakini tangu mwaka 1994, Peter Shor alipoonyesha jinsi kompyuta ya kwanta ingeweza kupasua namba kubwa katika vigawo vyake tasa, tunajua vizuri mashine hiyo ingetufaa kwa nini. Kinachotukwamisha ni kwamba mashine tulizonazo zinakosea mno. Anayepunguza makosa anawasogeza mbele wote waliobaki. Tena hili ni tawi ambalo mtu mwenye laptopu na hisabati ya kutosha anaweza kulichangia kwa dhati.

Makosa hayo yanatoka wapi? Mbona kompyuta yangu haikosei?

Biti ya kompyuta yako inabebwa na elektroni nyingi kwa pamoja. Zikipotea chache, biti haibadiliki. Kyubiti, yaani biti ya kompyuta ya kwanta, hubeba 0 na 1 kwa wakati mmoja katika uwiano maalumu, na uwiano huo huharibiwa na karibu kila kinachoigusa: joto, fotoni iliyopotea njia, kasoro ndogo kwenye metali, ishara iliyovuja kutoka kwa kyubiti jirani. Ndiyo maana chipu za kyubiti zinazotumia saketi huwekwa kwenye baridi ya takriban nyuzi 0.02 tu juu ya sifuri kamili. Hata humo, kyubiti ya chipu nzuri hutunza hali yake kwa makumi ya mikrosekunde, yaani sehemu za milioni za sekunde. Katika mashine za leo, operesheni moja kati ya mamia au maelfu kadhaa huharibika, ilhali algoriti ya Shor kwa namba kubwa inahitaji mabilioni ya operesheni mfululizo.

Tumefundishwa kwamba hali ya kwanta haiwezi kunakiliwa, na ukiipima unaiharibu. Sasa utasahihishaje kitu usichoweza kukinakili wala kukitazama?

Umeuliza swali ambalo liliwafanya wanafizikia wengi waamini kwamba kompyuta hizi hazitawezekana kamwe. Jibu lake naliona kuwa moja ya mawazo mazuri kabisa ya fizikia ya karne iliyopita, kwa hiyo nivumilie nilieleze polepole.

Chukua kyubiti tatu: A, B na C. Badala ya kuhifadhi taarifa yako kwenye kyubiti moja, unaifungamanisha kwenye zote tatu, hivi kwamba sehemu ya 0 inakuwa 000 na sehemu ya 1 inakuwa 111, kwa uwiano uleule wa mwanzo. Hujanakili kitu, umetandaza. Sasa tuseme B imegeuka bila wewe kujua. Ukiitazama B moja kwa moja, uwiano wako umekwisha. Kwa hiyo humuulizi B thamani yake. Unauliza kitu kingine: je, A na B zinalingana? Unatumia kyubiti msaidizi inayogusana na zote mbili, kisha unampima msaidizi peke yake. Jibu linakuja: hazilingani. Unauliza tena, B na C zinalingana? Hazilingani. Hapo unajua kwamba B ndiyo iliyogeuka, unaigeuza irudi, na wakati wote huo hujajua lolote kuhusu uwiano wa 0 na 1 uliouhifadhi. Umejifunza kuhusu kosa tu.

Faida yake inahesabika. Kyubiti moja ikiwa na uwezekano wa kukosea wa 1%, kundi la tatu hushindwa pale tu mbili au zaidi zinapogeuka, na uwezekano huo ni karibu 0.03%. Lakini jaribu hesabu ileile ukianza na 60%: kundi linashindwa kwa karibu 65%, yaani umejiongezea matatizo. Kuna kizingiti. Chini yake, kuongeza kyubiti kunasaidia. Juu yake, kunaumiza. Ushike vizuri ukweli huo, maana karibu kila habari kubwa ya uwanja huu kwa miaka ya karibuni inauhusu.

Mfano wa tatu hauzuii makosa ya aina ya pili, yale yanayobadilisha alama kati ya 0 na 1 bila kugeuza thamani. Shor alionyesha mwaka 1995 kwamba kyubiti 9 zinatosha kuzuia aina zote mbili kosa likiwa moja, Andrew Steane akashuka hadi 7, na baadaye ikathibitika kwamba 5 ndiyo idadi ndogo kabisa. Na vipi kuhusu makosa madogo madogo, kyubiti inapoyumba kidogo tu bila kugeuka kabisa? Hapa upimaji ule tuliouogopa unakuwa rafiki. Unapompima msaidizi, mfumo unalazimika kuangukia upande mmoja: ama hakuna kosa, ama kuna kosa zima. Yumbo dogo lisilo na ukubwa maalumu linageuka kuwa kosa linaloorodheshwa na kurekebishwa.

Hayo ni makaratasi. Imewahi kufanya kazi kwenye mashine?

Imefanya. Mwezi Desemba 2024 kikundi cha Google kilichapisha matokeo ya chipu yao ya Willow yenye kyubiti 105. Walitumia msimbo wa uso, ambao kyubiti zake hupangwa kama miraba na kila moja hukaguliwa pamoja na majirani zake. Walianza na mraba wa 3 kwa 3, wakaenda 5 kwa 5, kisha 7 kwa 7, na kila walipopanua mraba kiwango cha makosa kilishuka kwa zaidi ya nusu. Mraba mkubwa ulidumu mara 2.4 ya muda wa kyubiti bora kabisa kati ya zilizouunda. Kwa msimbo huu kizingiti kiko karibu na 1%, na wao walikuwa wamekivuka kuingia upande wa chini.

Kwa mtafiti, kilichobaki kwenye matokeo yale ndicho kinachovutia zaidi. Ukaguzi mmoja wa Willow huchukua takriban sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kompyuta ya kawaida iliyo pembeni inapaswa kusoma majibu ya ukaguzi na kuamua kosa liko wapi kabla majibu hayajarundikana. Tena, walipojaribu msimbo mrefu wa aina ya marudio, kama ule wetu wa tatu, waligundua kwamba takriban mara moja kwa saa kulitokea mlipuko wa makosa mengi kwa pamoja, na msimbo haukuuweza. Hesabu zetu nyingi hudhani kwamba makosa hayafuatani. Mashine inasema wakati mwingine yanafuatana.

Nani atashinda: saketi za baridi, ioni au atomu?

Singeweka fedha yangu kwa yeyote. Saketi zina kasi kubwa. Ioni zinazoshikwa kwa umeme zina usahihi mkubwa lakini ni za polepole. Atomu zinazoshikwa kwa leza zinapatikana kwa wingi na zinaweza kuhamishwa katikati ya hesabu. IBM nao wanafuata misimbo mingine yenye kubana zaidi: mwaka 2024 walichapisha mmoja unaohifadhi kyubiti 12 zenye ulinzi kwa kutumia 288 za kawaida. Shida yake ni kwamba unadai nyaya zinazounganisha kyubiti zilizo mbali moja na nyingine.

Mimi ni mhandisi wa mifumo kwenye benki. Je, siri za wateja wetu ziko hatarini?

Leo hapana, ila kazi ya kujiandaa ni ya leo. Mwaka 2019 watafiti Craig Gidney na Martin Ekerå walikadiria kwamba kuvunja ufunguo wa biti 2,048 wa RSA, usimbaji unaotegemea ugumu wa kupasua namba kubwa, kungehitaji kyubiti milioni 20 zenye makosa ya kawaida, kwa saa 8. Mwezi Mei 2025 Gidney alirudi na makadirio mapya: chini ya milioni moja, kwa muda usiofika wiki. Kilichobadilika kati ya makadirio hayo ni mawazo tu, algoriti bora na misimbo bora. Kama mna data inayopaswa kubaki siri kwa miaka 20, anayeinasa leo anaweza kuitunza akisubiri mashine. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya kwanza vya usimbaji unaolenga kuhimili kompyuta hizi mwezi Agosti 2024. Anzeni kwa kuorodhesha kila mahali mnapotumia RSA.

Nanyi msiwe wepesi wa kuamini jina tu. SIKE, mfumo uliofika mbali katika mchujo wa NIST, ulivunjwa mwaka 2022 na Wouter Castryck na Thomas Decru wa Ubelgiji kwa kompyuta ya kawaida, kwa muda wa karibu saa moja.

Mwalimu, chuo chetu hakina maabara ya baridi wala leza. Nitafanya utafiti gani wa kweli?

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Kuna nadharia ya Gottesman na Knill inayosema kwamba saketi za aina zinazotumika kukagua makosa zinaweza kuigwa kwa ufanisi na kompyuta ya kawaida, hata zikiwa na maelfu ya kyubiti. Haiwezekani kuiga hivyo algoriti nzima ya Shor, lakini ulinzi wa makosa unaigika. Programu ya Stim, ambayo ni ya bure, inafanya hivyo kwa kasi ya kushangaza, na PyMatching husoma majibu na kutafuta kosa liko wapi. Zote hutumika kupitia Python.

Fanya hivi. Tengeneza msimbo wa uso wa 3, 5 na 7, weka kelele ya kawaida, chora mistari ya makosa hadi uone inapokatana: hapo ndipo kizingiti kilipo. Kisha badili kelele. Weka milipuko inayogusa kyubiti jirani kwa pamoja, uone kizingiti kinahamaje. Halafu jiulize kama kisomaji cha makosa kinachojua kwamba mlipuko umetokea kinaweza kuokoa hali. Mwezi wa kwanza utarudia yanayojulikana. Baada ya hapo uko kwenye eneo ambalo watu wa maabara kubwa wanalihangaikia.

Kuna mada ungenizuia nisichague?

Zipo. Katika kufunza mashine kwa kwanta, miradi mingi huchukua data ndogo ya picha au magonjwa, ikaipitisha kwenye kyubiti nne, kisha ikatangaza ushindi. Mara nyingi kompyuta ya kawaida ingefanya vilevile au zaidi. Tangu mwaka 2018 tunajua pia kwamba mitandao mikubwa ya namna hiyo, ikijengwa bila mpangilio maalumu, hukumbana na uwanda mkavu ambamo mafunzo hayasogei. Kama unapenda eneo hilo, lichunguze kama Ewin Tang alivyofanya. Akiwa bado kijana huko Texas, alipewa kazi ya kuthibitisha kwamba kompyuta ya kawaida haiwezi kukaribia kasi ya algoriti fulani ya kwanta ya kupendekeza bidhaa. Akakuta inaweza.

Nianze kusoma nini wiki hii?

Kitabu cha Nielsen na Chuang cha mwaka 2000, sura ya 2 yote, kalamu mkononi, hasa sehemu ya aljebra ya mstari. Wanafunzi hupenda kuiruka na hukwama wakifika sura ya 10, ambayo ndiyo ya makosa. Ukimaliza hizo mbili, ingia kwenye maelezo ya mihadhara ya John Preskill wa Caltech, yanapatikana bure. Namba changamano ziwe rahisi kwako kabla ya yote. Na ukifika kwenye Stim, anza na kyubiti zile tatu, A, B na C, ulinganishe jibu la programu na hesabu uliyoifanya kwa mkono.